Kabla ya Kubandika Vinaili, Pima Zege

"Hii imeshakauka, bosi," fundi atakwambia huku akigonga zege kwa kisigino. Kweli, juu ni jeupe. Lakini jamvi lililomwagwa juu ya ardhi hukaukia upande mmoja tu, na likipigwa niru likateleza kama sahani, maji ya ndani huchelewa zaidi kutoka. Makadirio ya ujenzi ni mwezi mmoja kwa kila sentimita 2.5 za unene. Jamvi la sentimita 10 ni miezi minne, na hesabu inaanza siku ulipoacha kulimwagilia. Masika ikiingia katikati, ongeza.

Vigae vya kawaida huvumilia unyevu. Vinaili na mbao hazivumilii. Niliwahi kubandua kibao kimoja sebuleni kwangu nikakuta gundi imekuwa kama uji uliolala, na harufu yake ndiyo usiseme.

Kipimo cha bei nafuu ni nailoni nzito, inayoonyesha. Kata kipande cha mraba, sentimita 45 kila upande. Fagia vumbi lote, kisha ziba kingo zote nne kwa selotepu pana, hewa isipenye. Kiache saa 16 au zaidi. Mimi hukilaza siku nzima, mbali na jua la dirishani. Ukibandua, kama kuna jasho upande wa chini, au zege limekuwa jeusi kuliko la pembeni, ahirisha kazi. Jasho la upande wa juu ni la hewa, lisikutishe. Rudia sehemu kadhaa, hasa karibu na choo na ukuta unaopigwa na mvua.

Nailoni ikitoka kavu bado usishangilie, maana haijui kilichoko tumboni mwa zege. Kama vinaili yenyewe ni ya gharama, tafuta mwenye kipimo cha kuchomeka. Atatoboa hadi asilimia 40 ya unene, yaani sentimita 4 kwenye jamvi la 10, asafishe tundu, aingize kipimo, asubiri saa 24. Kiwango cha unyevu kinachoruhusiwa kimeandikwa kwenye maelezo ya gundi. Nyingi hutaka kisizidi asilimia 75 au 85.

Miezi ikipita na jasho lipo palepale, uliza kama nailoni ilitandikwa chini kabla ya kumwaga zege. Kama haikutandikwa, ardhi itaendelea kupandisha maji hata ungoje mwaka. Paka epoksi ya kuzuia unyevu, au nunua vigae.