Mimba Ikiharibika, Mama Asilaumiwe

Mja mzito anapoona damu, mara nyingi jambo la kwanza analofanya ni kunyamaza. Anajifungia nyumbani akihofia kwamba mume, mama mkwe au hata muuguzi atamshuku kuwa ameitoa mimba kwa makusudi. Kunyamaza huku kwaweza kumgharimu maisha.

Msomaji, fahamu kwamba mimba kuharibika si jambo la nadra. Katika kila mimba 100 zinazojulikana, kati ya 10 na 20 huharibika, nyingi zikiwa hazijatimiza wiki 12. Takriban nusu ya hizo za mapema hutokana na kasoro ya kromosomu, yaani vibeba-urithi vilivyo ndani ya seli. Kwa kawaida kasoro hiyo hutokea kwa bahati mbaya tu. Malaria, kaswende na kisukari kisichodhibitiwa pia huweza kuharibu mimba. Lakini kugombana na jirani au kumeza vidonge vya kupanga uzazi hapo awali si sababu.

Dalili za hatari

Mama aende hospitalini bila kuchelewa iwapo:

• damu inalowesha sodo 2 kwa saa moja;
• ana homa, au uchafu unaomtoka unanuka;
• anahisi kizunguzungu au anazirai;
• ana maumivu makali ya tumbo au ya bega. Huenda mimba imetunga nje ya mji wa mimba.

Asiogope kufukuzwa. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 chasema hakuna anayepaswa kunyimwa matibabu ya dharura.

Mabaki yakisalia tumboni, daktari humpa dawa au huyafyonza kwa kifaa maalum. Mama aulize pia aina ya damu yake. Ikiwa ni Rh hasi na mimba imepita wiki 12, huenda akahitaji sindano ndani ya saa 72 ili kuikinga mimba ijayo.

Baada ya hapo

Yai laweza kupevuka tena baada ya wiki 2 tu. Asiyetaka mimba upesi aanze kupanga uzazi mara moja. Anayetaka mtoto amwone daktari kwanza, na ameze vidonge vya asidi ya foliki, mikrogramu 400 kila siku, kabla ya kushika mimba.

Jeraha la moyo nalo lahitaji kutunzwa. Kumwambia mama "utapata mwingine" hakumfariji, kwani anamlilia huyu aliyempoteza. Mwambie "pole", msikilize, msaidie kupika na kufua. Baba naye ana majonzi; asiachwe peke yake. Huzuni ikizidi wiki 2 na mama hali wala halali, apelekwe kwa mshauri.

Bwana, mkeo akikwambia ameona damu, usimhoji. Tafuta gari.