SOMO LA ROBO HII: MIZANI HUPIMA KILO, HAIPIMI THAMANI YA MTU



Katika semina moja ya vijana upande wa Makambako tuliwapima washiriki uzito, tukataja kilo kwa sauti ili karani aandike. Binti mmoja aliyekonda alisikia minong'ono nyuma yake. Kesho yake hakuja. Kosa lilikuwa letu.

Utafiti wa kitaifa wa 2022/23 ulionyesha kuwa Njombe inaongoza kwa VVU nchini: asilimia 12.7 ya watu wenye miaka 15 na zaidi. Kwa sababu hiyo, kwetu anayekonda hushukiwa, na anayenenepa husifiwa. Papo hapo picha za kwenye simu zinawaambia mabinti kuwa wembamba ndio urembo. Wapo wanaojinyima chakula, au wanaokula kupita kiasi kisha wakajitapisha kwa siri. Hayo ni matatizo ya ulaji, na humpata hata mwenye uzito wa kawaida.

Tupime nini?

1. Mwili. Kwa mtu mzima, gawanya kilo kwa urefu (mita) uliozidishwa kwa urefu. Chini ya 18.5 ni uzito pungufu. 25 na kuendelea ni uzito uliozidi.

2. Kujithamini. Dodoso la Morris Rosenberg wa Marekani (1965) lina kauli 10. Kila kauli ina majibu 4, tangu kukubali sana hadi kukataa kabisa.

3. Uhusiano wa hayo mawili. Dodoso la ulaji la Fairburn na Beglin (1994) huuliza kama, kwa siku 28 zilizopita, uzito umeathiri jinsi mtu anavyojiona. Majibu ni 0 hadi 6. Wawili wenye kilo 50 wanaweza kujibu, mmoja 0, mwingine 6. Mizani haiwezi kuwatofautisha.

Dodoso hilo huuliza pia hofu ya kunenepa. Kwetu tuulize na hofu ya kukonda.

Tunaziomba kamati: pimeni faragha, msitaje kilo, tunzeni siri. Anayejitapisha, anayezimia au anayekataa chakula apelekwe hospitali mapema. Maombi yaende pamoja na matibabu. Wafadhili, mchango wa pazia na mafunzo ya wapimaji una maana kuliko mizani mpya.

Binti yule tulimfuata nyumbani, tukamwomba radhi.

Swali la kujadili: Katika usharika wetu, tunamsalimuje mtu aliyepungua?