Kwa Nini Gari la Mashindano Halipindiki

Safari Rally iliporudi katika mashindano ya dunia mwaka 2021, ilikuja kwetu Naivasha. Mimi nilijiuliza: mbona bodi za magari hazipindiki kwenye mashimo yale?

Chukua kisanduku cha kiberiti, toa droo, kisha ukipinde. Kinalegea, sivyo? Rudisha droo: kinakuwa kigumu. Magari ya Safari hukazwa kwa kizimba cha paipu ndani. Gari dogo lisilo na chesisi ndefu laweza kukazwa kwa vyuma viwili chini ya sakafu, viunganishe fremu ya mbele na ya nyuma.

Lakini jihadharini! Betri ifunguliwe kwanza, nalo gari lisimame kwa magurudumu yake. Likichomelewa likining'inia kwenye jeki, laweza kubaki limepinda. Haraka haraka haina baraka.