Namba Kubwa Iliyofichua Kosa

Msomaji, chukua kalamu ya risasi na karatasi, maana habari hii haifai kusomwa kwa macho peke yake.

Andika 3. Ondoa 1, zidisha kinachobaki kwa hicho hicho, kisha ongeza 1: utapata 5. Ifanyie 5 vivyo hivyo: 4 mara 4 ni 16, ukiongeza 1 ni 17. Kutoka 17 huja 257, na kutoka 257 huja 65,537. Zote tano ni namba tasa, yaani hazigawanyiki pasipo kuacha baki ila kwa 1 na kwa zenyewe. (Jina hilo la tasa naona haliwi la haki sana, kwani namba hizo ndizo zizaazo nyingine zote kwa kuzidishwa.)

Mwaka 1640 Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse katika Ufaransa, ambaye hesabu kwake zilikuwa burudani tu, aliwaandikia wenziwe kwamba aamini kila namba ipatikanayo kwa njia hii ni tasa, hata ukiendelea bila kikomo. Alikiri kuwa hana thibitisho kamili.

Namba ya sita ni 4,294,967,297. Atakaye kuijaribu kwa kugawanya ana namba tasa 6,542 mbele yake kabla hajathubutu kusema kwamba nayo ni tasa. Ni nani mwenye subira hiyo?

Mwaka 1729 Christian Goldbach alimwuliza habari hiyo Leonhard Euler, mzaliwa wa Uswisi aliyekuwa akifanya kazi St Petersburg, Urusi. Mwaka 1732 Euler, kijana wa miaka 25, alitoa jibu: namba ile yagawanyika kwa 641.

Je, ilimpasa kuzijaribu zote? La hasha. Yeye mwenyewe alithibitisha baadaye kwamba namba tasa yo yote iigawanyayo ile kubwa haina budi kuwa mafungu kamili ya 64, na 1 juu yake. Basi anza na 65, ukiongeza 64 kila mara: 129, 193, 257, na kuendelea. Ukizitupa zisizo tasa, zabaki 193, 257, 449, 577, na ya tano ni 641. Majaribio matano badala ya elfu sita na zaidi!

Wala usiniamini mimi, wala Euler. Zidisha 6,700,417 kwa 641. Mara 600 ni 4,020,250,200. Mara 40 ni 268,016,680. Mara 1 ni 6,700,417. Jumlisha mwenyewe uone.

Tangu siku zile wataalamu wamezichungua namba zifuatazo za ukoo huu, na mashine za kuhesabu zimewasaidia. Kuanzia ya sita mpaka ya 33, zote zimeonekana kugawanyika. Zile tano ambazo Fermat alizijua ndizo tasa pekee zilizopata kuonekana.