Mvujo Usiodondosha Tone

Barabara itokayo Sumbawanga hupita Matai, kisha tawi lake moja huelekea Kasesya, mpakani na Zambia. Tuseme lori la dizeli la miaka mingi, lililopakia mahindi, limelala hapo Kasesya, na asubuhi linakataa kuwaka. Dereva anainama kutazama chini ya gari, naye anakuta pakavu. Fundi anapiga pampu ya mkono, anatoa upepo, na gari linawaka. Kesho yake mambo ni yale yale. Je, mafuta yanavuja, au hayavuji?

Ili kulijibu swali hili yatupasa kwanza kuacha neno “kuvuta”. Pampu haiyavuti mafuta kama mtu avutavyo kamba. Hupunguza kanieneo ndani ya bomba, na hewa iliyo juu ya mafuta tangini ndiyo inayoyasukuma kwenda kwenye pampu. Wafipa wa zamani waliitumia kanuni hii walipoyeyusha chuma katika tanuru ndefu ziitwazo malungu. Hewa ya moto ilipanda juu, nayo hewa ya nje ikasukumwa kuingia kwa matundu ya chini, bila mivukuto.

Basi kila mvujo huelekea upande wenye kanieneo ndogo. Kutoka tangini hadi pampu ndogo ya mafuta, injini inapozunguka, kanieneo ya bombani ni ndogo kuliko ya hewa. Mpira ukipasuka hapo, dizeli haitoki, bali hewa ndiyo inayoingia. Usiku, gari likiwa limezimwa, hewa hiyo huyaacha mafuta yarudi tangini kwa uzito wake, na hii ndiyo sababu ya taabu ya asubuhi. Huku Ufipa hewa yenyewe ni nyepesi zaidi: kanieneo yake Sumbawanga ni kilopaskali 82 hivi, ilhali pwani ni 101. Pampu iliyochoka ina msaada mdogo wa kutegemea.

Mwalimu aweza kulionyesha jambo hili darasani kwa mrija na glasi ya maji. Toboa mrija kwa sindano, juu ya usawa wa maji, kisha mwanafunzi anywe. Viputo vitapanda pamoja na maji, wala hakuna tone litakalotoka katika tundu.

Dawa ya fundi ni kugeuza kanieneo. Afungue bomba kwenye tangi, aliunganishe na debe safi la dizeli lililoinuliwa mita moja juu ya pampu, injini ikiwa imezimwa. Kimo hicho cha dizeli hutoa kanieneo ya kilopaskali 8 hivi kuelekea nje, na mahali palipokuwa pakinyonya hewa kwa siri sasa patalowa. Pasipolowa, awashe injini kwa mafuta ya debe hilo. Ikienda vizuri, kosa liko tangini kwenyewe au kwenye kiungio alichokifungua.

Baada ya pampu ndogo mambo hugeuka: kanieneo huzidi ile ya hewa, na dizeli hutoka nje. Lakini mahali inapodondokea si lazima pawe mahali inapovujia, maana upepo wa safari huipeleka nyuma na uzito huishusha. Safisha injini, ikaushe, nyunyiza unga wa chaki kwenye viungio, kisha uwashe. Mstari wa kwanza kulowa ndio wenye kosa. Mara nyingi ni washa ya shaba, iliyobanwa mara nyingi hata ikawa ngumu. Kuizidishia spana hakufai kitu. Ipashwe moto hadi iwe nyekundu, ipoe, nayo italainika. Sabuni ya mche, ambayo madereva huzibia ufa wa tangi, yasaidia kufika gereji tu.

Hatari kubwa iko katika mabomba ya chuma yaendayo kwenye nozeli. Humo kanieneo huzidi ya hewa zaidi ya mara 100. Kamwe usipapase mvujo huo kwa kidole! Uzi mwembamba wa dizeli waweza kupenya ngozi bila maumivu makubwa, na kidonda kikaonekana kama mchomo wa mwiba, ilhali mafuta yanaharibu nyama ya ndani. Aliyepatwa apelekwe hospitali mara moja, hata akisema yu mzima. Tumia kipande cha boksi kutafutia, na ujikinge macho.

Uko pia mvujo usioonekana nje kabisa. Utando wa pampu ndogo ukichanika, katika injini nyingi za aina hii dizeli hushuka ndani ya oili. Dereva hufurahi kwamba gari lake “halili oili”, kumbe kijiti cha kupimia chaonyesha oili ikiongezeka, tena nyepesi na yenye harufu ya dizeli. Injini hiyo izimwe, wala isiwashwe tena kabla ya utando na oili kubadilishwa.