Udongo Usiochimbwa: Hereni na Shanga za Polima

Udongo wa polima hauchimbwi popote. Ni plastiki: chembe laini za PVC, jamaa ya ile inayotengenezewa mabomba ya maji, zilizochanganywa na kilainishi, rangi na vijazio. Kilainishi ndicho kinachoufanya ufinyangike. Ukiuingiza kwenye oveni yenye joto la nyuzi 110 hadi 130, chembe hizo hukinyonya, huvimba na kushikana, na ulichofinyanga hakirudi tena kuwa laini. Shanga za kauri, kama zile zinazotengenezwa na kiwanda cha Kazuri kule Karen, Nairobi, tangu mwaka 1975, zinahitaji tanuri lenye joto ambalo jiko la nyumbani haliwezi kulifikia. Za polima zinamalizikia kwenye oveni ndogo ya mezani, na hapo mtu mwenye chumba kimoja na meza anapata nafasi ya kuwa sonara wa aina yake.

Wanaoanza huvutwa na rangi. Wananunua pakiti nyingi, wanakata maua na mioyo, halafu hereni inakatika kabla haijahudhuria hata harusi moja. Mara nyingi sababu ni oveni. Kwa hiyo makala haya yatakawia kwenye joto kuliko kwenye maua.

Vifaa

Chapa zinazoaminiwa kwa vito ni FIMO ya Ujerumani, Premo kutoka kwa watengenezaji wa Sculpey huko Marekani, na Cernit ya Ubelgiji. Sculpey III ni laini na watoto wanaipenda, lakini ikisukumwa nyembamba huvunjika upesi. Iache kwa shanga nene. Pakiti ndogo huwa na gramu 56 au 57, na hereni bapa hazili udongo mwingi, hivyo hakuna haja ya kununua sanduku zima. Nyekundu, buluu, njano, nyeusi, na nyeupe maradufu zinatosha kuchanganyia karibu kila rangi unayoitaka. Nyeupe ndiyo inayoisha kwanza na ndiyo inayochafuka kwanza. Ikande kabla ya nyekundu, na futa mikono kwa spiriti kila unapobadili rangi.

Anayeishi Dar es Salaam au Mombasa ana adha ambayo vitabu vya Ulaya havimwambii. Udongo ulioachwa garini juani huanza kuiva ndani ya pakiti. Kabla ya kulipa, bonyeza kwa kidole gumba: ukibonyea, ni mzima; ukimeguka chembechembe na kukataa kushikana, uache dukani. Nyumbani uweke kabatini, penye kivuli, ndani ya mfuko laini wa plastiki. Usiuweke kwenye kibweta cha plastiki ngumu yenye alama ya namba 6, kwa sababu kilainishi huila plastiki hiyo mpaka ikanata. Huila pia vanishi ya meza, basi fanyia kazi juu ya kigae cha sakafu au kioo. Ukilegea mno kwa joto la mchana, ulaze kati ya karatasi mbili nyeupe kwa saa kadhaa. Karatasi zitanyonya sehemu ya kilainishi na udongo utakaza.

Vifaa vingine vingi tayari unavyo: chupa nyembamba ya kusukumia, wembe, sindano, vikatio vya biskuti, vijiti vya mishikaki. Sharti moja halina mjadala. Kilichogusa udongo huu hakirudi kwenye chakula.

Kukanda na kupamba

Udongo uliotoka kwenye pakiti haufai kutumika moja kwa moja, hata kama unaonekana laini. Ukande, uviringe, ukunje, uviringe tena, mpaka ukiupinda usipasuke kwenye kunjo. Anayeruka hatua hii anapata kipande chenye sehemu dhaifu ambazo jicho halizioni. Mashine ya kusukumia tambi hurahisisha kazi na hutoa unene ulio sawa, ila unaweza kufanya kazi nzuri miezi mingi bila kuwa nayo. Vipovu vya hewa vitoboe kwa sindano mapema, maana ndani ya oveni vitavimba na kuacha vipele usoni mwa hereni.

Katika mbinu zote za urembo, inayonifurahisha ni ile ya mche. Unapanga rangi ndani ya mche mmoja mnene kiasi kwamba ukiukata popote, kama sabuni, kila kipande kinatoka na picha ile ile. Mafundi wa kioo wa Murano, karibu na Venice, walitengeneza shanga kwa njia ya namna hiyo, na katika karne ya 19 shanga za Venice zilikuwa miongoni mwa bidhaa zilizobebwa na misafara kutoka pwani yetu kwenda bara.

Jaribu korosho ya kwenye kanga. Viringa udongo wa njano uwe mnene kama kidole gumba, uzungushie tabaka jembamba la nyeusi, kisha la nyekundu. Bana upande mmoja kwa urefu wake wote ili upate ncha, halafu ipinde ncha hiyo kidogo. Umbo la korosho limepatikana. Jaza pembeni vipande vya rangi ya usuli mpaka mche uwe duara. Sasa uminye, ukianzia katikati na kwenda nje, huku ukiugeuza, hadi upungue unene na kuongezeka urefu; picha inakuwa ndogo bila kuharibika. Ncha mbili za mwisho huwa zimepotoka, zikate uziweke kwenye makombo. Upumzishe mche kwenye friji kama nusu saa kabla ya kuukata, na kila baada ya kipande uzungushe kidogo ili usibonyee upande mmoja. Makombo hayatupwi: yanakuwa kiini cha shanga, kisha juu yake unabandika vipande vizuri.

Oveni

Fuata joto lililoandikwa kwenye pakiti yako, wala si lile alilotumia rafiki yako. FIMO inataka nyuzi 110 kwa dakika 30. Premo inataka 130, kwa dakika 30 kwa kila milimita 6 za unene. Namba zilizo kwenye kitufe cha oveni ndogo usizichukulie kuwa ukweli. Koili huwaka na kuzima, na joto hupanda na kushuka kupita kiwango ulichokiweka. Nunua kipimajoto cha kuweka ndani ya oveni. Hicho kina thamani kuliko rangi zote utakazoongeza mwaka huu. Weka kigae katikati ya oveni, washa, subiri robo saa au zaidi, soma kipimajoto, rekebisha kitufe, ndipo uingize kazi.

Laza hereni juu ya karatasi nyeupe, kwa sababu kigae kitupu huacha mabaka yanayong'aa mgongoni. Shanga zitunge kwenye vijiti vya mishikaki, uvikalishe kwenye kingo za trei ili zisiguse chini. Funika vyote kwa foili iliyoinuliwa kidogo, isiguse udongo. Inazuia koili kuunguza rangi nyepesi na kuifanya nyeupe kuwa ya manjano.

Joto likiwa pungufu, kipande hutoka kigumu kwa nje na kinadanganya, lakini chembe hazikushikana. Hivyo ndivyo hereni zinavyokatika. Muda ukizidi hakuna hasara mradi joto ni sahihi, na mafundi wengi huoka saa nzima kwa makusudi. Njia ya kujua ni rahisi: kila mara oka pamoja na ukanda mwembamba wa udongo ule ule, uuache upoe, kisha uupinde. Ukipindika na kurudi, umeiva. Ukikatika papo hapo, rudisha kazi yote ndani kwa joto lililorekebishwa; udongo huu unakubali kuokwa mara ya pili na ya tatu.

Joto likizidi sana, ni hatari halisi. PVC inayoungua hutoa gesi ya haidrojeni kloridi, inayochoma macho na koo. Ukiona moshi au rangi ikigeuka kahawia, zima oveni, fungua madirisha, watoe watoto nje, na usifungue mlango wa oveni mpaka ipoe. Kwa sababu hiyo maikrowevu haifai kabisa, na jiko la mkaa pia halifai. Najua keki nyingi tamu zimetoka kwenye sufuria yenye mchanga juu ya mkaa. Keki inasamehe, PVC haisamehe. Ukiweza, tenga oveni ndogo ya mitumba kwa kazi hii tu. Kama oveni ni moja kwa nyumba nzima, okea ndani ya trei iliyofunikwa kwa foili pande zote, usiiweke pamoja na chakula, na uisafishe baadaye.

Kumalizia

Msasa wa maji ndio unaotofautisha kazi ya sokoni na ya kuonea haya. Anza na namba 400, nenda 600, 800, hadi 1000, daima ndani ya bakuli la maji yenye tone la sabuni ili vumbi la plastiki lisiingie mapafuni. Kisha sugua kwa kipande cha jinzi kuukuu mpaka kingo zing'ae. Ukitaka vanishi, tumia ya maji. Rangi ya kucha isiguse kazi yako: viyeyushi vyake hulainisha polima, na baada ya muda hereni inaanza kunata na kukusanya vumbi.

Vipini vya masikio hung'oka vikishikizwa kwa gundi peke yake juu ya uso laini. Gundisha, funika bapa la kipini kwa tabaka dogo la udongo mbichi, kisha oka tena. Na uwe mwangalifu na chuma chenyewe. Vipini vya bei ya chini mara nyingi vina nikeli, na ngozi za watu wengi huwashwa nayo. Chuma cha pua au fedha kinagharimu zaidi, ila mteja aliyewashwa sikio mara moja harudi.

Waliotuachia mbinu

Ufundi huu haukuanzia chuoni. Huko Ujerumani, Sophie Rehbinder-Kruse, binti wa mtengeneza wanasesere Käthe Kruse, alijaribu plastiki ambayo haikufaa kwa vichwa vya wanasesere, akaitia rangi na kuitumia kwa mapambo. Mwaka 1964 kampuni ya Eberhard Faber ilichukua haki zake, na FIMO ikazaliwa. Ndani ya jina hilo bado limo lake la utani, Fifi. Kwa miaka mingi ilihesabiwa kuwa kitu cha watoto. Wasanii wa Marekani waliiona tofauti, na kitabu cha Nan Roche cha mwaka 1991, The New Clay, kiliwakusanyia mbinu zilizokuwa zikipitishwa mkono kwa mkono. Mwaka 2011 Racine Art Museum, katika jimbo la Wisconsin, ilifanya maonyesho makubwa ya sanaa hii.

Mfano ninaoupenda wa kugawana mbinu ni wa fundi Judith Skinner. Katika miaka ya 1990 alionyesha kwamba ukikata pembetatu mbili za rangi tofauti, ukazilaza zikamilishe mstatili, kisha ukakunja na kusukuma upande ule ule kama mara ishirini, rangi moja huyeyukia ndani ya nyingine bila mpaka. Angeweza kuifanya siri ya duka lake. Aliigawa, na dunia nzima ya mafundi inaiita kwa jina lake.

Desturi hiyo ya kugawana ina masharti ambayo wengi huyajifunza kwa aibu. Kuiga kazi ya mtu ukiwa nyumbani ili mkono ujue njia hakuna ubaya. Kuiuza kama yako, au kufundisha kwa malipo somo ulilolinunua kwa mwalimu mwingine bila ruhusa yake, kutakutenga na watu ambao ungehitaji kuwauliza jambo kesho. Mtaje aliyekufundisha. Haigharimu kitu.

Mkitaka kujifunza pamoja, kikundi hakihitaji usajili. Watu wanne au watano wenye oveni moja wanatosha, na wanaweza kuagiza udongo pamoja ili nauli ya mzigo igawanyike. Mnaweza kuanza na mchezo ambao vikundi vya Marekani na Ulaya vimeucheza kwa miaka: kila mmoja aje na mche wake mmoja, akate vipande sawa na idadi ya waliopo, agawe, na arudi nyumbani na vipande vya wenzake vya kuchanganya kwenye kazi yake. Funga kila kipande na karatasi yenye chapa na joto lake, kwa sababu wapo watakaoleta Kato, inayofikishwa hadi nyuzi 150, na ikiokwa kwenye trei moja na FIMO, moja kati ya hizo mbili itaharibika.