Pesa ya Mzee, Akiba ya Mlezi: Mifuko Miwili Isiyofaa Kuchanganywa

Je, nyumbani kwako kuna mzee aliyepita miaka 70, mtoto yatima au mtu mwenye ulemavu mkubwa? Na je, ni wewe unayempikia, kumwogesha na kumpeleka hospitali? Basi somo la leo ni lako. Tutazungumzia pesa za Inua Jamii: ni za nani, zinaingiaje salama kwenye simu, na wewe mlezi utabaki na nini siku yako ya uzee ikifika. Tutachukua mifano ya Shimoni, Wasini na Kibuyuni, lakini hata ukiwa Diani, Msambweni au Lunga Lunga, hesabu ni ile ile.

Pesa hizi zilianzia wapi?

Watu wengi husema "serikali imetusaidia", kana kwamba ni zawadi. Kwa kweli hii ni haki iliyoandikwa. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 43, inasema serikali itawapa usalama wa kijamii watu wasioweza kujikimu na wanaowategemea. Kifungu cha 57 kinasema mzee ana haki ya kupata matunzo na msaada kutoka kwa familia yake na kutoka kwa serikali. Angalia hapo: familia na serikali zimetajwa pamoja. Hakuna aliyeachiwa mzigo peke yake.

Kwale ina historia katika jambo hili. Mwaka 2004, Kenya ilipojaribu kwa mara ya kwanza kuwapa pesa taslimu nyumba zinazolea mayatima, ilianza na kaya 500 tu katika wilaya tatu: Garissa, Nairobi na Kwale. Kila kaya ilipewa KSh 500 kwa mwezi. Baadaye mpango ulienea nchi nzima, ukaongezwa wa wazee na wa watu wenye ulemavu mkubwa, na yote ikakusanywa chini ya jina la Inua Jamii. Tangu 2018 mzee yeyote wa miaka 70 na zaidi asiyepokea pensheni anastahili kuandikishwa, bila kwanza kuthibitisha kuwa yeye ni maskini kuliko jirani yake. Sheria nazo zimebadilika: ile ya msaada wa jamii ya 2013 imepisha Sheria ya Ulinzi wa Jamii ya 2025.

Kiasi ni KSh 2,000 kwa mwezi. Kimesimama hapo hapo kwa zaidi ya miaka kumi, wakati unga, mafuta na nauli havijasimama. Ng'ambo ya bahari, Zanzibar ilianza pensheni ya wazee wote wa miaka 70 na zaidi mwezi wa 4 mwaka 2016, kwa TSh 20,000 kwa mwezi, na baadaye ikakipandisha kiwango hadi TSh 50,000. Kwa hiyo mtu wa Shimoni anayeuliza "mbona zetu haziongezwi?" haulizi jambo la ajabu. Wenzetu wa Pemba wameona inawezekana.

Aliyesahaulika ni nani?

Tuchukue mfano wa kubuni. Mama ana miaka 74, amepooza upande mmoja. Binti yake ana miaka 38, na ndiye anayekaa naye. Kabla mama hajaugua, binti alikuwa akilima mwani Kibuyuni. Wanaolima mwani wanajua: kazi kubwa ni siku za bamvua, maji yanapotoka mbali. Bamvua haingoji mtu. Ukikosa siku hizo kwa sababu mgonjwa hana wa kumgeuza kitandani, umekosa mavuno yako. Akaacha mwani, akajaribu kuwa mama karanga, akakaange samaki karibu na nyumba. Kusi likivuma na vyombo visitoke, samaki wanapungua na bei inapanda. Mtaji ukaisha.

Sasa hesabu. Inua Jamii inampa mama KSh 2,000. Binti, aliyeacha kazi, haipewi kitu kwa jina lake. Mpango hauna fungu la mlezi. Uingereza, kwa mfano, mtu anayemtunza mgonjwa saa 35 au zaidi kwa wiki anaweza kudai posho, na hata wa saa 20 anaweza kuhesabiwa miaka hiyo kwenye pensheni yake. Kwetu, miaka ya kumtunza mzazi ni pengo tupu. Binti akianza na miaka 38 na mama akiishi miaka kumi zaidi, jambo tunaloliomba kwa Mungu, yeye atakuwa na miaka 48, bila mtaji na bila akiba. Kesho naye atahitaji mlezi.

Hilo ndilo tatizo tunalotaka ulione. Pesa ya mzee ni ya mzee. Mlezi anahitaji mfuko wake. Ukichanganya miwili hiyo, mzee anakosa dawa na mlezi anabaki mtupu, kisha ndugu wanaanza kushukiana.

Hatua ya 1: Kitambulisho kwanza

Bila kitambulisho cha taifa huwezi kuandikisha laini kwa jina lako, wala kuingia Inua Jamii. Pwani ya Kwale tunalijua hili vizuri. Wamakonde walitembea kwa miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi mwaka 2016 kudai uraia, na Wapemba wanaoishi ukanda huu walitambuliwa kuwa Wakenya mwaka 2023 tu. Miaka yote hiyo, mzee asiye na kitambulisho alikuwa nje ya mpango hata kama alizaliwa hapa hapa.

Kama mzee wako ndiyo kwanza amepata kitambulisho, usiishie kwenye furaha ya kadi. Nenda kwa chifu au naibu wake, uulize uandikishaji ni lini. Angalia pia mwaka wa kuzaliwa uliochapishwa. Umri unaohesabiwa ni ule wa kwenye kadi, si ule ambao familia inaukumbuka. Kama umekosewa, anza kurekebisha mapema.

Kuandikishwa ni bure. Mtu akikuambia "toa kitu kidogo jina lipande juu", huyo anakuibia.

Hatua ya 2: Laini iwe ya mzee

Kuna wazee wengi wanaotumia laini iliyoandikishwa kwa kitambulisho cha mjukuu. Mjukuu akihamia Mombasa, akagombana na watu au akapoteza simu, pesa ya bibi imekwenda naye. Mpeleke mzee kwa wakala au duka la huduma na kitambulisho chake, laini iandikwe jina lake. Jina la kwenye laini na la kwenye kitambulisho yalingane herufi kwa herufi. Kisha uliza kwa afisa wa ustawi wa jamii: malipo ya mzee huyu yanapitia benki au simu, na ni nambari gani iliyoandikwa?

Hatua ya 3: Mlezi aandikwe rasmi

Mzee asipoweza kutembea au kuona, usitumie njia ya mkato ya kuchukua kitambulisho chake na nambari ya siri. Omba uandikwe kuwa mlezi wake katika mpango. Hivyo unapokea kwa niaba yake ukijulikana, na siku ya uhakiki wa kuwa hai utajua la kufanya. Mlezi akibadilika, toa taarifa. Mzee akifariki, toa taarifa pia. Kuendelea kuchukua pesa za marehemu ni kosa, hata kama msiba umewaacha na deni.

Hatua ya 4: Nambari ya siri na simu za matapeli

Matapeli wanazijua siku za malipo kuliko sisi. Simu huanza kwa adabu:

"Shikamoo bibi. Napiga kutoka ofisi ya Inua Jamii. Pesa zako zimekwama, nitajie nambari ya siri tuzifungue."

Jibu la bibi liwe moja: "Marahaba. Nitamwuliza chifu." Kisha akate. Hakuna afisa, wala mhudumu wetu, anayehitaji nambari ya siri yako ili akutumie pesa. Mfundishe mzee sentensi hiyo moja, airudie mpaka aizoee.

Hatua ya 5: Siku pesa ikiingia

Mambo matatu ya kuangalia:

- Deni la laini. Kama laini ya mzee imetumika kuchukua ule mkopo wa kukamilisha malipo, pesa ikiingia deni linaweza kukatwa kwanza. Laini ya mzee isiwe ya kukopea vocha na unga wa nyumba nzima.
- Ada ya kutoa. Ukitoa KSh 500 mara nne, unalipa ada mara nne. Panga mahitaji, utoe mara moja. Kinachobaki kiache kwenye simu ulipie dukani au duka la dawa moja kwa moja.
- Daftari. Andika tarehe, kiasi na kilichonunuliwa: dawa, nauli ya Msambweni, pampasi, uji. Ujumbe wa muamala usiufute. Ndugu akiuliza "za mama zinaenda wapi?", fungua daftari, usifungue mdomo.

Na mzee mwenyewe aulizwe. Akisema "mwanangu, chukua hizi 200 ununue leso", hiyo ni haki yake kutoa. Lakini ni yeye anayetoa, si wewe unayejikatia.

Hatua ya 6: Mfuko wa mlezi

Hapa ndipo nyumba nyingi hazijafika. Kenya kuna mipango ya akiba ya uzeeni kwa watu wasio na mwajiri. Mpango wa Mbao ulianza 2011 ukiwalenga watu wa jua kali, kwa KSh 20 kwa siku, na jina lenyewe linatokana na hiyo mbao. NSSF nayo ina Haba Haba, kuanzia KSh 25 kwa siku, unalipa kwa simu.

KSh 25 kwa siku ni KSh 750 kwa mwezi wa siku 30, na KSh 9,125 kwa mwaka. Binti wetu wa miaka 38 akiweka hivyo hadi 60, amana yake peke yake inafika KSh 200,750, kabla ya kuhesabu faida. Si utajiri. Ni tofauti kati ya kuomba na kuwa na chako.

Utasema: mtu aliyeacha kazi atatoa wapi 25 kila siku? Swali zuri. Jibu liko kwa ndugu walio mbali. Karibu kila familia ya hapa ina mtoto Mombasa, mwingine Nairobi, pengine mmoja Uarabuni. Kila mwezi wanatuma "za mama". Anayemtunza mama hatumiwi kitu, kwa sababu "si yuko nyumbani?" Lakini wao wanaweza kukaa kazini kwa sababu yeye yuko nyumbani.

Ndugu watatu wakigawana KSh 750, ni KSh 250 kila mmoja kwa mwezi. Iende moja kwa moja kwenye akaunti ya uzeeni ya mlezi, isipitie mkononi, isiingie kwenye unga. Kabla ya kutuma, ulizeni mpango husika nambari ya malipo, nambari ya uanachama wa mlezi, na masharti ya kuchukua akiba mapema. Miezi ya kaskazi, uvuvi ukiwa mzuri, mlezi naye aongeze chake. Kusi likija, mchango wa ndugu unashika usukani.

La kusema barazani

Kwenye baraza la chifu au mkutano wa maoni ya bajeti, usikae kimya. Mambo matatu yanastahili kusemwa na watu wanaoyaishi: KSh 2,000 iangaliwe upya kulingana na bei za sasa, malipo yaje kwa tarehe inayojulikana, na mlezi wa kudumu ahesabiwe, hata kwa kuchangiwa sehemu ya akiba yake ya uzeeni. Mama anayesema "niliacha mwani miaka sita kumtunza mama mkwe" ana ushahidi ambao hakuna karatasi ya ofisini inayoubeba.

Kazi ya nyumbani

Wiki hii fanya mambo manne:

1. Angalia laini ya mzee wako imeandikwa jina la nani.
2. Linganisha jina na tarehe ya kuzaliwa kwenye kitambulisho.
3. Nunua daftari, uandike malipo yaliyopita.
4. Fungua kundi la ndugu kwenye simu, uwaandikie ujumbe huu: "Tunamtumia mama. Je, anayemtunza mama tunamwekea nini?"

Ukikwama kwenye la kwanza, mpeleke mzee kwa wakala aliye karibu nawe, na kitambulisho chake mkononi.